Jezi ya Kocha

Mafuta ya cherehani yana harufu yake peke yake. Si ya gari, si ya taa, si ya kupikia. Wiki iliyopita nilinunua kichupa chake kimoja karibu na ofisi ninayofanyia kazi, Braamfontein, nikakaa nacho mezani mchana kutwa kama mtu aliyepewa dawa na anaogopa kuinywa. Nilikuwa nimekusudia kukisafisha cherehani cha mama kabla ya kumpa mtu atakayekitumia, maana mimi hata kifungo kinanishinda. Nyumbani nilifungua kifuniko, nikatia tone moja pale gurudumu linapozungukia, na harufu iliponipanda puani nikajikuta tena katika chumba chetu cha Yeoville, hapa hapa Johannesburg, nina miaka kumi na mitatu, nimekaa mezani na mgeni wetu, nauona mdomo wangu ukifunguka.

Mama tumemzika miezi miwili iliyopita. Haya ninayoyaandika sikumwambia akiwa hai, wala sikumwambia mtu mwingine. Wenzangu wa rika langu, hasa mliolelewa katika mji huu na mama anayezungumza lugha ya kwingine, huenda mtanielewa. Sitaki mnihurumie lakini.

Tuliishi orofa ya pili, katika jengo ambalo ngazi zake zilinuka sabuni ya unga na samaki wa kukaanga. Baba alikuwa mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania kupigania nchi yao. Alikaa Morogoro miaka mingi, akamwoa mama, akanizaa mimi, na nchi ilipofunguka akaturudisha kwao kwa furaha kubwa. Furaha hiyo haikudumu. Alipata kazi ya ofisini, kisha akapata mke mwingine, kisha nyumba huko Midrand yenye geti linalojifungua lenyewe. Kwetu aliacha sanduku moja la nguo juu ya kabati, na mara chache alipita kutuona, akikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mama hakumsema vibaya hata siku moja. Alikuwa na cherehani chake pale dirishani, na alikuwa na wateja, wengi wao akina mama wa Kikongo waliopanda na vitenge vyao na kelele zao, wakapimwa, wakacheka, wakashuka.

Na alikuwa na mpira. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawakulitegemea kwake. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchora mistari wa uwanja katika shamba la mkonge. Kila Jumamosi alipita na ndoo ya majivu na kamba, akichora mistari kabla timu za vibarua hazijafika, na binti yake alimshikia ncha ya kamba. Kazi ikiisha alikaa pale pale kwenye mstari mpaka mechi iishe. Kwa hiyo mama aliujua mpira kwa kuanzia pembeni, chini, karibu na miguu, na aliuangalia kwa namna yake mwenyewe. Alipokuja kuwa fundi cherehani, hata maneno yake ya mpira yakawa ya kifundi. Televisheni yetu ndogo ilikuwa juu ya friji. Alikuwa anashona bila kuiangalia, halafu ghafla anainua kichwa na kusema, "Pale kulia pamefumuka. Subiri uone." Na kabla hajakata uzi, goli.

"Umejuaje, Mama?"

"Wewe unaangalia mpira ulipo. Angalia pale ambapo hapana mtu. Nguo haichaniki kwenye kitambaa, inachanika kwenye mshono. Beki na mwenzake wakiachana, hapo ndipo patakapochanika."

Mambo haya nilikuwa nayapenda mno nikiwa ndani ya nyumba. Nje ya nyumba nilikuwa mtu mwingine. Kizulu cha mama kilikuwa cha kuungaunga, na Kiingereza chake hakuwa anakisema kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa akiniita barabarani kwa sauti ya mtu aliyekulia mashambani penye nafasi, "Mwanangu wee, njoo ushike huu mfuko!" na wasichana wa shule yangu pale kwenye robot, ndizo taa za barabarani, waligeuka wote. Mimi nilitazama mbele na kusubiri taa ibadilike. Kuna neno ambalo wenyeji waliwaitia wageni weusi, nanyi mnalijua, sitaliandika. Baba yangu alikuwa mwenyeji. Nilikuwa na jina lake na pua yake, na nilijua kabisa kwamba ni yule mwanamke mwenye mfuko tu anayeweza kuniponza. Kwa hiyo alipozungumza nami Kiswahili nje nilimjibu kwa Kiingereza, na nilitembea hatua tatu mbele yake. Alinifuata bila kulalamika.

Chini ya jengo letu palikuwa na kafe ya intaneti ya Mkongomani mmoja, kompyuta saba na feni moja. Mama alinituma mara kwa mara kuwachapia wateja bei na vipimo, na muda uliobaki ulikuwa wangu. Hapo ndipo nilipogundua jukwaa la mtandaoni la watu wanaozungumza mpira wa kimataifa. Walikuwa watu wa kila nchi, wengi wabishi. Siku ya kwanza niliyoandika kitu, niliandika maneno ya mama kuhusu mshono, nikiyatia Kiingereza kadiri nilivyoweza. Mtu mmoja akauliza kwa dharau, wewe mtoto umefundishwa na nani?

Ningeweza kuandika: mama yangu. Yalikuwa maneno mawili tu. Nikaandika kwamba baba yangu ni kocha.

Hapo hapo wakanipa heshima. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Na aliyeniamini kuliko wote alikuwa Mmarekani mmoja aliyejiita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ningesema Beki Ukuta, na namba hamsini na nane mbele yake. Alikuwa shabiki wa mpira wao wa Kimarekani, ule wa kofia za chuma, na wa kikapu, na wa kila kitu walicho nacho wao. Alieleza kwamba alipasuliwa goti, akalala nyumbani wiki kadhaa bila la kufanya, na katika kuhamahama kwenye vituo vya televisheni akaangukia mechi ya mataifa mawili asiyoyajua. Ikaisha bila goli. Watazamaji wakapiga makofi wakaenda zao wameridhika. Jambo hilo lilimkosesha usingizi, akaja mtandaoni kutafuta wa kumwelewesha.

Maswali yake yalikuwa ya mtoto mdogo, na mimi, mtoto halisi, niliyafurahia sana. Kwa nini mchezo hausimami ili watangaze sabuni? Kwa nini mtu hawezi kuushika mpira akakimbia nao kama binadamu mwenye akili? Kuotea ndiyo nini? Nilipanda ngazi mbio na swali, nikamwuliza mama kijanja kana kwamba ni mimi ninayetaka kujua, naye alijibu bila kuacha kazi.

"Kuotea ni kukata kitambaa kabla hujapimiwa. Una haraka, umetangulia mbele ya kipimo. Mpira ukija unakukuta umeshakata. Basi unarudishwa."

Nilishuka, nikaandika: baba anasema. Mmarekani akajibu kwamba amesoma maelezo marefu ya kuotea mahali pengi na hili la kitambaa ndilo la kwanza lililomwingia. Siku nyingine aliandika kwamba baba yangu ni kocha wa ajabu, anazungumza kama mshairi. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye kafe akageuka.

"Petite, temps yako imeisha. Utaongeza ao utatoka?"

"Naongeza muda, Papa."

Mwaka mzima ulipita hivyo. Beki Ukuta alianza kuamka alfajiri kwao ili aone mechi za Afrika, akajifunza kutaja majina ya wachezaji, akawa anabishana na Wazungu wa jukwaani kwa kutumia maneno ya mama. Mimi kichwani nilimchora: jibaba, shingo nene, mgongoni namba hamsini na nane. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, hawezi kusikiliza habari za mpira kutoka kwa mshona magauni. Na baba niliyemtunga alinenepa kila wiki. Nilimpa timu, nikampa filimbi, nikampa hasira kidogo ili aaminike. Baba mwenyewe, yule wa Midrand, hakuwa na habari na mpira. Alipenda gofu, tena ya kwenye televisheni.

Kisha Mmarekani akaandika kwamba anakuja Johannesburg. Kanisa lao lilikuwa na ziara, siku kumi, na alitaka jambo moja tu: kumpa kocha mkono.

Nilipaswa kutoroka hapo. Mtu mwenye akili angesema tumehama. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Mmarekani alikuwa anataka kuja kwetu, si kwa wasichana wa pale kwenye robot. Nikaandika kwamba baba atakuwa Durban na timu siku hiyo, bahati mbaya sana, ila aje tu aione nyumba ya kocha. Kwa mama nilisema ni rafiki wa kuandikiana barua, mpango wa shule.

Sijawahi kumwona mama akijiandaa vile. Mgeni kutoka ng'ambo, na wa mwanawe! Alifua mapazia. Aliazima sahani zinazofanana. Na siku tatu mfululizo, baada ya kazi za wateja, alishona gauni lake mwenyewe, kitambaa cha rangi ya zambarau alichokiweka miaka kwa ajili ya siku nzuri. Lilikuwa gauni la kwanza nililomwona akijishonea. Asubuhi ile alilipiga pasi, akalitundika kwenye mlango wa kabati, akajifunga kanga kiunoni na kitambaa kichwani, akaingia jikoni kupika pilau. Mgeni tulimtarajia mchana. Mama alikuwa na hesabu zake: pilau ikishakaa kwenye makaa, ataoga, atavaa, atatoka.

Gari la kanisa lilimshusha mgeni mapema, saa nzima kabla. Nilishuka kumpokea. Nikatafuta jibaba. Pale chini palikuwa na bibi mfupi mwenye nywele za kijivu, kofia ya michezo, na fimbo.

"Ni wewe!" alisema kwa Kiingereza, akanikumbatia. "Mimi ndiye Beki Ukuta. Jina langu Lorraine."

Ile hamsini na nane ilikuwa umri wake.

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi sana. Ukweli ungekuwa mwepesi kama unyoya. Ningemwambia pale pale chini kwamba kocha ni mwanamke, yuko juu, anapika. Nina hakika angetupa fimbo kwa furaha. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimemjengea baba nyumba ndani ya kichwa changu, na sikujua namna ya kumtoa. Nilimshika mkono bibi Lorraine, tukapanda taratibu kwa ajili ya goti lake, yeye akihesabu ngazi kwa sauti na kucheka.

Akakaa. Kwetu, mnavyojua, mgeni wa heshima hanawi mwenyewe. Mwenye nyumba ndiye anayemletea maji, kwa mikono yake, na kadiri mgeni alivyo mkubwa ndivyo anavyoinama zaidi. Mama aliposikia sauti alitoka jikoni vile vile alivyokuwa, kanga kiunoni, kitambaa kichwani, uso unang'aa kwa moshi wa makaa na furaha, birika la maji ya vuguvugu mkono mmoja, beseni mkono mwingine, taulo begani. Alipiga goti mbele ya mgeni.

"Karibu. Karibu sana, mgeni wetu."

Bibi Lorraine alinyoosha mikono kwa aibu kidogo, hakuzoea. Maji yakaanza kumiminika. Akaniangalia juu ya kichwa cha mama, akauliza kwa upole, "Na huyu ni nani?"

Katika mji huu kila mtu anajua picha ile inavyosomwa. Mwanamke mweusi, kitambaa kichwani, kapiga goti na beseni. Nami nilijua inavyosomwa. Wala sikulazimika kutunga lolote, jibu lilikuwa limekaa pale linanisubiri.

"Anatusaidia kazi za nyumbani," nilisema kwa Kiingereza.

Maji hayakukatika. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nilidhani, kwa kuwa hayakukatika, basi hakuelewa. Mama aliendelea kumimina, polepole, hata mikono ya mgeni ilipokuwa safi kabisa, mpaka birika likaisha. Kisha akaifuta mikono ile kwa taulo, kidole kimoja kimoja, akainuka, akarudi jikoni. Hakuniangalia.

Mezani palikuwa na sahani tatu. Alipoleta pilau alipakua mbili, akaichukua ya tatu akaondoka nayo. Nikajiambia labda hana njaa. Nilikuwa bado najiambia vitu. Gauni la zambarau lilikuwa limetundikwa nyuma ya kiti cha bibi Lorraine, nami nilikuwa nakula nikiliangalia.

Mgeni alikula kwa furaha na kuzungumza mpira. Alieleza jukwaa zima, akarudia maneno ya kocha kuhusu mshono na kitambaa, alicheka, akasema sasa anajua sheria zote. Akatoa mfano: beki akibanwa anaweza kumrudishia kipa wake mpira kwa mguu, naye kipa akaudaka kwa mikono salama. Wakati huo mama alikuwa anaweka bakuli la kachumbari mezani. Kipa haruhusiwi kudaka mpira wa namna hiyo, na kosa kama lile mama hakuwahi kuliacha lipite. Aliwahi kumrekebisha fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki. Aliwahi kumrekebisha mchungaji mlangoni mwa kanisa. Siku ile aliweka bakuli, akamgeukia mgeni, akafungua mdomo kumsahihisha, akaufumba, akalisogeza bakuli kidogo likae sawa, akatoka.

Hapo nikajua kwamba anaelewa Kiingereza.

Bado ningeweza kusimama. Jikoni palikuwa hatua sita. Nilimsikia akila peke yake, kijiko kikigusa sahani, na nilibaki nimekaa nikimweleza bibi Lorraine jinsi baba anavyopenda wachezaji wenye nidhamu.

Kabla ya kuondoka alitembea chumbani akiangalia vitu, akafika dirishani kwenye cherehani. Palikuwa na blauzi ya mteja, imebanwa kwa pini kwenye bega.

"Nani anashona?" aliuliza.

"Yeye. Anashona pia."

Bibi Lorraine akaigusa ile blauzi kwenye mshono, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye pini. Kisha honi ya gari la kanisa ikalia chini. Akatoa kwenye mkoba jezi iliyokunjwa vizuri, kubwa, ya jibaba, ya kijani, na mgongoni aliagiza iandikwe kwa herufi nyeupe neno la Kiingereza la kocha. Nimpe baba akirudi, alisema, na nimwambie kwamba amemfungulia mtu mzima dunia nyingine. Mlangoni mama alikuwa amesimama kando, mikono imeshikana mbele, kama wanavyosimama wale wanawake katika nyumba za wenye nazo. Bibi Lorraine alimwambia asante, chakula kilikuwa kizuri mno, familia hii ina bahati kuwa naye.

"Asante, madam," mama alisema, kwa Kiingereza safi.

Nilipopanda tena alikuwa anaosha vyombo. Nilisimama mlangoni pa jikoni nikisubiri kofi, na niseme kweli, nililitamani. Kofi lingemaliza jambo.

"Mama, eish, mimi..."

"Sahani za watu hizi," alisema. "Zifute vizuri uzirudishe, usije ukazivunja."

Nilizifuta. Jezi niliificha ndani ya lile sanduku la baba juu ya kabati, chini kabisa. Wiki iliyofuata nilikutana na jirani yetu mmoja wa Kikongo kwenye ngazi, amevaa gauni la zambarau, limepunguzwa urefu, limemkaa vizuri. Akazunguka nimwone. Nikamwambia amependeza.

Jumamosi hiyo televisheni ilikuwa imewashwa kama kawaida na mama alikuwa anashona kama kawaida. Timu moja ilikuwa inafungwa magoli ya aina moja. Nilisubiri ainue kichwa. Hakuinua. Mwishowe nikauliza, sauti yangu ndogo, "Mama, mbona wanafungwa upande ule ule?"

Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Macho yake hayakuwa na hasira, na ningependa yangekuwa nayo.

"Mimi nasaidia kazi tu, mwanangu," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Nilikwenda kafe mara moja tu baada ya hapo. Bibi Lorraine alikuwa ameniandikia faraghani, si pale jukwaani mbele ya wote. Barua ilikuwa fupi. Alisema kwamba ndani ya ndege hakulala, alikuwa anakifikiria kile cherehani cha dirishani, na kitambaa, na kipimo, na mshono. Akaandika: mwambie kocha maji aliyoninawisha yalikuwa ya vuguvugu vizuri, na anisamehe, sikujua ni nani aliyepiga goti mbele yangu.

Hakunikaripia popote. Nilisoma mpaka muda wangu ukaisha, na mwenye kafe aliponiuliza kama naongeza nikasema hapana. Sikumjibu bibi Lorraine. Na zile salamu sikuzifikisha. Nikizifikisha, nilifikiri, itanibidi nieleze zote, na nilikuwa mwoga. Nikasema nitamwambia nikimaliza shule. Kisha nikipata kazi. Mama naye taratibu alirudi kwenye hali yake. Baada ya miezi alianza tena kusema pamefumuka, subiri uone, nami nikajifanya kwamba mambo yamekwisha. Barabarani nilijifunza kutembea sambamba naye. Nilimjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti, mbele ya watu. Nilidhani hayo yangetosha badala ya maneno.

Mwaka huu, hospitalini, wodini kwake palikuwa na televisheni iliyofungwa juu ukutani, bila sauti, mechi ikichezwa. Alikuwa amekonda hata pete haikai. Aliangalia kidogo akasema, "Kushoto pamefumuka." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nikajua kwamba hii ndiyo nafasi, wala hapana mtu mwingine wodini anayeelewa Kiswahili. Nikafungua mdomo. Halafu muuguzi akaja kubadilisha dripu, nikasogea kumpisha, na nilipokaa tena nikazungumza habari za hali ya hewa. Mgonjwa wangu akaitikia.

Basi wiki iliyopita, baada ya kutia mafuta, nilizungusha gurudumu mpaka cherehani kikaanza kuimba ule wimbo wake, nikaona nimalizie kazi zote za chumba cha mama siku hiyo hiyo. Nikapanda kiti, nikashusha sanduku la baba. Nilitaka kuitafuta jezi niitupe. Niliificha chini kabisa. Niliikuta juu, imekunjwa kwa namna ya mama, mikono ndani, kola juu.

Nikaikunjua. Haikuwa tena ya jibaba. Mishono ya ubavuni ilikuwa imefumuliwa na kuingizwa ndani pande zote mbili, mabega yamepandishwa, mikono imekatwa na kupindwa upya kwa uzi wa kijani ule ule, uzi ambao lazima aliutafuta. Niliipima kwenye blauzi zake zilizokuwa bado kabatini. Kipimo ni chake kabisa, cha miaka ile, kabla hajakonda. Herufi nyeupe za mgongoni zimepasukapasuka kwa kufuliwa. Kwapani rangi imepauka, na kola imelika pale inapogusana na shingo.

Imevaliwa miaka. Mimi sikuwahi kumwona ameivaa hata siku moja.